Maziwa ya Mecklenburg kwa baiskeli: upite wapi kama hutaki kukutana na magari

Dada mmoja anayeishi Berlin ameuliza hivi: "Nina mwanangu wa miaka 11, tuna baiskeli za kawaida za mjini zenye gia saba, nataka tukaendeshe siku tano kule kwenye maziwa ya Mecklenburg, ila magari nayaogopa sana. Kwenye ramani nimeona kuna njia ya baiskeli ya Berlin mpaka Copenhagen na nyingine ya kuzunguka ziwa Müritz. Ni kweli hazina magari? Nishike ipi?"

Dada yangu, inawezekana kabisa, na siku tano zinawatosha vizuri wewe na kijana. Ila njia yenye jina ni kitu kimoja na njia isiyo na magari ni kitu kingine, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu anaona mstari mzuri kwenye ramani umeandikwa Radweg, yaani njia ya baiskeli, anadhani ni njia ya peke yake mwanzo mpaka mwisho, halafu katikati ya safari anajikuta kwenye barabara nyembamba yenye miti mikubwa kulia na kushoto na lori linapumua nyuma yake. Hizi njia ndefu za Ujerumani zimeungwaungwa vipande, kuna kipande cha lami safi ndani ya msitu, kuna kipande cha barabara ya kijiji, kuna kipande cha pembeni mwa barabara kuu kilichotengwa na ukanda wa majani, kuna cha matrekta, na vyote vimebandikwa kibao kilekile. Hiyo ya Berlin–Copenhagen ina kilomita zaidi ya 600 na ndivyo ilivyo, na ya kuzunguka Müritz yenye kilomita 80 na kitu nayo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mimi siku zote nawaambia watu wachague eneo kwanza, njia baadaye. Na eneo lako wewe ni upande wa mashariki wa Müritz, yaani Hifadhi ya Taifa ya Müritz, halafu kutoka hapo unateremka kusini ukiufuata mto Havel ambao unaanzia mitaa hiyohiyo karibu na kijiji cha Ankershagen. Hapo katikati ndipo utapata siku nzima nzima ambazo gari utakaloliona ni basi la hifadhi tu, au gari la watu wa misitu.

Kwa nini pale na siyo kwingine, nitakueleza maana ukiielewa sababu utaweza kujichagulia hata njia ambazo mimi sijakutajia. Upande ule wa ziwa kwa miaka mingi watu wa kawaida hawakuingia. Wakati wa Ujerumani Mashariki sehemu moja ilikuwa msitu wa kuwindia wa wakubwa wa serikali, Willi Stoph aliyekuwa waziri mkuu alikuwa na makazi yake ya kuwindia maeneo ya Speck, na sehemu nyingine ilikuwa ya mazoezi ya jeshi la Kisovieti. Mahali kama hapo hakuna anayejenga barabara kubwa wala hoteli. Halafu serikali ya mwisho ya Ujerumani Mashariki ikapitisha hifadhi mpya kadhaa kwa mkupuo, zikaanza rasmi tarehe 1 Oktoba 1990, siku mbili tu kabla nchi mbili hazijaungana, na Müritz ikawemo, kilomita za mraba 322. Barabara zikabaki vilevile zilivyokuwa, nyembamba na chache, na nyingi za ndani zikafungwa kwa magari ya watu binafsi. Ndiyo maana leo mtoto wa miaka 11 anaweza kuendesha pale bila wewe kugeuka kila dakika kuangalia nyuma.

Sasa kuna gharama yake, na gharama yenyewe ni ardhi. Maziwa yote haya yalichimbwa na barafu ya zama za mwisho za barafu, ile barafu ilipokuwa inasonga ilisukuma mbele yake mawe na udongo, ilipoyeyuka ikaacha vilima, na maji yaliyokuwa yanatiririka kutoka kwenye barafu yakatandaza mchanga tambarare kwa kilomita nyingi. Upande wa magharibi wa Müritz una udongo mzito wa rutuba, kwa hiyo kuna mashamba, kuna wakulima, kuna barabara, kuna magari. Mashariki na kusini ni mchanga, misonobari, hakuna kinachoota cha maana, hivyo watu wachache. Umeona jinsi mambo yanavyokwenda pamoja: panapokosekana magari pana mchanga, na kinyume chake. Na yale mawe barafu iliyoyabeba kutoka Skandinavia wakulima waliyaokota mashambani wakatengenezea barabara za vijiji, mawe ya mviringo makubwa kama viazi yamepangwa moja moja, ukipita juu yake na baiskeli yenye mzigo mikono inakufa ganzi. Kwa hiyo ukiniuliza adui yako kwenye safari hii ni nani, mimi nasema ni mchanga na hayo mawe, magari yatakuwa jambo dogo sana ukipanga vizuri.

Tuongee tairi basi. Angalia ubavuni mwa tairi zako kuna namba ya upana kwa milimita, kama imeandikwa 28 au 32 hizo ni nyembamba mno kwa kazi hii, utazama na utapata pancha. Kuanzia 40 unapita, 47 au 50 ndiyo raha yenyewe, fundi yeyote atakuangalia kama fremu na madigadi yana nafasi. Usijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe, watu wengi wanafanya hivyo wakidhani ndiyo wepesi. Kwa tairi la 47 na mzigo wa kawaida, baa 3 nyuma na chini kidogo ya hapo mbele inatosha, kwa mtoto punguza zaidi maana ni mwepesi. Gia saba za mjini hazina shida, hakuna milima pale, kuna vilima vifupi tu vya kukupandisha pumzi dakika mbili.

Na mchanga unaendeshwa hivi, mfundishe kijana kabla hamjafika. Ukiuona mbele, rangi ya njia inabadilika inakuwa nyeupe nyeupe na alama za tairi za wengine zinaanza kuyumba, shusha gia mapema ukiwa bado kwenye sehemu ngumu. Ukiingia rudi nyuma kidogo juu ya kiti, mikono legeza, endelea kukanyaga kwa mwendo uleule mmoja na usijaribu kuligeuza gurudumu la mbele hata likianza kutembea lenyewe, liache lijitafutie. Breki ya mbele usiiguse kabisa. Ukihisi umesimama, shuka, sukuma, hamna aibu, kila mtu anashuka. Mara nyingi pembeni ya njia kuna ukanda mwembamba uliokanyagwa na waliokutangulia ambao ni mgumu zaidi kwa sababu una mizizi na sindano za misonobari, huo ndio wa kufuata. Baada ya mvua mchanga unakaza na kipande kilichokutesa jana leo unapita kama lami, kwa hiyo usiichukie mvua ya usiku.

Kitu cha pili cha kujua kabla ya njia zenyewe ni vibao, kwa sababu kibao ndicho kinachokuambia kama kuna gari au hakuna, ramani haikuambii. Duara jeupe lenye mzunguko mwekundu na ndani picha ya pikipiki na gari: vyombo vya moto haviruhusiwi, baiskeli ruksa, hicho ndicho kibao chako kipenzi. Duara lilelile tupu bila picha: hakuna chombo chochote, hata baiskeli, isipokuwa chini yake kuna kibao kidogo chenye baiskeli na neno frei, yaani ruksa, bila hicho unashuka unasukuma na kusukuma kunaruhusiwa. Duara la bluu lenye baiskeli ni njia ya baiskeli ya lazima, lenye baiskeli na mama na mtoto mnagawana na waenda kwa miguu. Sasa angalia maneno madogo chini: Anlieger frei ina maana wakazi na wenye shughuli mahali hapo wanaruhusiwa kupita na gari, kwa hiyo utaona gari mojamoja linaenda taratibu. Land- und forstwirtschaftlicher Verkehr frei ni matrekta na magari ya magogo, siku za kazi yapo, Jumapili karibu hayapo. Na Fahrradstraße, yaani barabara ya baiskeli, watu wanadhani haina magari lakini kukiwa na kibao cha nyongeza magari yanaingia, ila mwisho ni kilomita 30 kwa saa na baiskeli ndiyo yenye kipaumbele.

Kwenye simu tumia apu inayoonyesha aina ya njia na uso wa njia. Komoot inafanya hivyo, ukishachora safari inakuambia kilomita ngapi ni lami, ngapi ni kokoto, ngapi ni mchanga, na ngapi ni barabara ya magari. Ramani ya CyclOSM nayo ni ya bure na inaonyesha vizuri sana. Chagua baiskeli ya safari, usichague ya mlimani, ukichagua ya mlimani itakupitisha kwenye vinjia vya mizizi ukiwa na mzigo. Halafu pakua ramani kabla ya kutoka nyumbani maana ndani ya hifadhi mtandao unapotea.

Haya, njia. Mimi ningekupanga namna hii. Panda treni ya RE5 kutoka Berlin mpaka Waren, mji ulio kaskazini mwa Müritz, ni chini kidogo au zaidi kidogo ya saa mbili kutegemea umepandia stesheni gani, hakuna kubadilisha treni. Usianze kuendesha kutoka Berlin, najua inavutia kusema umetoka nyumbani kwa baiskeli ila kilomita za kutoka mjini zitakula siku zako mbili na ndizo zenye magari. Siku ya kwanza hiyo msifanye kitu kikubwa, mtafika mchana, wekeni mizigo Waren au kambi ya Ecktannen ambayo iko pembeni ya mji kwenye maji na ndipo mlango wa hifadhi ulipo. Kama kuna mvua kuna Müritzeum pale mjini, ina matangi makubwa ya samaki wa maziwa ya hapohapo, watoto wanapenda.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Kutoka Ecktannen mnaingia msituni kuelekea kusini mpaka Boek, kilomita 20 na kitu, ziwa liko kulia kwenu ingawa mara nyingi hamlioni kwa sababu ya mafunjo na miti, linajitokeza ghafla kwenye vibanda vya kuangalia ndege. Njia ni mchanganyiko, kokoto iliyoshindiliwa vizuri, lami kidogo, mchanga hapa na pale. Hapa chukueni siku nzima, msikimbilie. Tai wa baharini wapo, kuna wale tai samaki ambao wanajenga viota juu ya nguzo za umeme, na karibu na Federow nguzo moja ilifungwa kamera, kwenye ofisi ya wageni ya kijiji watu wanaangalia kiota kwenye skrini, wazazi wanaleta samaki na makinda yanagombania. Kama mnakwenda Septemba au Oktoba korongo wanakusanyika kwa maelfu kulala kwenye maji ya kina kifupi maeneo ya ziwa Rederangsee, ila jioni huko huendi mwenyewe, kuna matembezi yanayoongozwa na hifadhi na inabidi ujiandikishe. Kumbuka kwamba ndani ya hifadhi lazima ubaki kwenye njia zilizowekwa alama, huo ni mwiko, na kwenye maeneo ya zamani ya jeshi kuna sababu nzuri zaidi ya kutotoka njiani.

Kurudi kutoka Boek msirudi kwa njia ileile kama kijana amechoka. Karibu na hapo kuna gati la Bolter Kanal ambapo meli za abiria za Müritz zinasimama wakati wa msimu na zinabeba baiskeli, mnarudi Waren mkiwa mmekaa. Au mnachukua basi la hifadhi ambalo msimu wa kiangazi linavuta tela la baiskeli. Ratiba zote mbili zinabadilika mwaka hadi mwaka, ziangalie siku moja kabla, na fikeni mapema kwa sababu nafasi za baiskeli zinajaa. Ziwa lenyewe mtaliona vizuri mkiwa katikati ya maji, ni kilomita za mraba kama 117, ndilo kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Ujerumani peke yake, maana Bodensee ambalo ni kubwa zaidi linagawanywa na Uswisi na Austria.

Utaniuliza mbona sikuambii mlizunguke lote. Upande wa pili, Rechlin mpaka Röbel na kurudi Waren kupitia Sietow na Klink, ni mzuri, Röbel ni mji mdogo wa kupendeza wenye nyumba za rangi ufukweni, lakini huko ndiko kwenye magari. Maeneo ya Vipperow mnakutana na barabara kuu ya B198, na kutoka Sietow mpaka Waren mnakwenda na B192 pembeni. Sehemu kubwa mtakuwa kwenye njia iliyotengwa, kwa hiyo hatari siyo kubwa, ila kelele ziko palepale na upepo wa magharibi unawapiga kwenye mashamba ya wazi. Mtu anayeogopa magari akikaa saa mbili anasikia yakinguruma mita tatu kutoka kwake hapumziki. Mkitaka kuiona Röbel pandeni meli kutoka Waren, mkashuke, mkanywe kahawa, mkarudi nayo.

Siku ya tatu mnahama na mizigo, Waren–Federow–Speck–Kratzeburg, karibu kilomita 30. Karibu na Speck kuna mnara wa Käflingsberg wenye urefu wa mita 55, mkiukuta wazi pandeni, ukiwa juu ndipo unapoelewa nilichokuambia, msitu na maji mpaka macho yanapoishia na barabara huioni. Hii sehemu ndiyo yenye mchanga kuliko zote, kwa hiyo msiweke kilomita nyingi siku hiyo, na mizigo mizito mfungie wewe nyuma, kijana abebe nguo zake na koti la mvua tu. Kuna njia nyingine ya kupitia Ankershagen ambayo ndiyo inayofuatwa na vibao vya Berlin–Copenhagen, pale kuna makumbusho ya Heinrich Schliemann yule aliyechimba Troya, alikulia kijiji hicho, ila hiyo ina vipande vingi zaidi vya barabara za vijiji. Magari ni machache lakini yapo, na watu wa vijijini wanakimbiza kwa sababu hawategemei kumkuta mtu. Chagua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza na mtoto mimi ningeshika ya Speck.

Uzuri wa Kratzeburg ni kwamba RE5 inasimama hapo. Kwa hiyo hiyo ni sehemu yenu ya kukata safari, mkiona mvua, au goti la mtoto linauma, au mmechoka tu, mnapanda treni mnaenda nyumbani bila hasara. Mimi safari yoyote na mtoto naipanga hivyo, kila siku ipite karibu na stesheni moja, na kwa kweli hata kwa watu wazima ninaopanga nao nafanya vilevile.

Siku ya nne, Kratzeburg kwenda Wesenberg au Userin, hii naipenda kuliko zote. Mnafuata Havel ukiwa bado kamto kadogo kanakotoka ziwa hili kanaingia ziwa lile: Dalmsdorf, Granzin, Babke, Blankenförde, Zwenzow. Magari ni ya wakazi wa vijiji hivyo, na vijiji vyenyewe nyumba zinahesabika. Pale Granzin simameni, kuna kireli kidogo chenye vitoroli vya kubebea mitumbwi, watu wa mitumbwi wanafika mwisho wa maji wanapakia mtumbwi kwenye toroli wanausukuma kwa reli msituni mpaka ziwa la upande wa pili, watoto wanaweza kukaa hapo saa nzima wakisaidia wageni kusukuma. Kuogelea ni popote palipo na gati la mbao la kijiji, maji safi. Jioni lala Zwenzow kambini au songa mpaka Userin.

Siku ya tano mna mawili. La kwanza, Userin kwenda Neustrelitz ni mwendo mfupi, mnapanda treni hapo, mnafika Berlin mapema. La pili, mkijisikia nguvu, mnaendelea kupitia Wesenberg na Strasen mpaka Fürstenberg, kama kilomita 35 hadi 40 kwa jumla, njia nzuri za msituni na lango la kupitishia boti pale Strasen la kusimama kuangalia, lakini kuna vipande vya barabara ya kijiji na mtavuka barabara kubwa Fürstenberg mjini. Mkiingia Fürstenberg mjue kwamba ng'ambo ya ziwa lake kuna Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake ya Wanazi kuanzia 1939 mpaka 1945, sasa ni mahali pa kumbukumbu, na njia ya baiskeli ya kwenda Himmelpfort inapita hapo kabisa. Na kijana wa miaka 11 wewe ndiye unayejua kama ni wakati wake, ila usipite hapo bila kujua unapita wapi.

Kabla ya yote hayo lakini, mfanye jaribio la siku moja wikendi moja kabla. Pandeni treni ya RB12 mpaka Zehdenick, mtoke hapo mpaka Fürstenberg, kilomita 30 na kitu, mrudi na RE5. Hicho ndicho kipande laini kuliko vyote nilivyokutajia, lami kwa sehemu kubwa, pembeni ya Havel na mabwawa mengi ambayo yalikuwa mashimo ya udongo wa kufyatulia matofali, nyumba nyingi za Berlin za mwisho wa karne ya 19 na za karne ya 20 zimejengwa na matofali ya hapo. Mtaona mwendo wenu ni kilomita ngapi kwa saa mkiwa na mzigo, na kijana analalamika kuanzia kilomita ya ngapi, na hiyo namba ndiyo itakayokusaidia kupanga hizo siku tano kuliko ushauri wangu wowote.

Kwa vile vipande vichache ambavyo magari yatakuwepo, ujue haki yako. Sheria ya Ujerumani tangu 2020 inamtaka dereva akikupita akuachie angalau mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Barabara za kule zina miti pande zote mbili, na miti hiyo imelindwa mpaka kwenye katiba ya jimbo, kwa hiyo hazipanuliwi, mara nyingi dereva hawezi kukupita akiheshimu hizo mita kama kuna gari linakuja mbele. Usijibanze ukingoni ukimhurumia, ukijibanza atajaribu kupenya. Kaa mita moja kutoka ukingoni, mtoto awe mbele yako na siyo nyuma, na ukiona foleni imeanza ingieni kwenye mlango wa shamba muwapishe. Vesti ya kung'aa kwenye kivuli cha miti ile inasaidia kuliko taa, maana jua na kivuli vinapishana dereva haoni. Ila taa nazo ziwepo, na kengele, ni sheria. Helmeti siyo sheria lakini vaeni.

Kuhusu treni, tiketi ya Deutschlandticket, ile ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi ya nchi nzima, haijumuishi baiskeli, nunua tiketi ya baiskeli kwa kila baiskeli, na iwe inayofika Mecklenburg, siyo ile ya Berlin na Brandenburg peke yake kwa sababu mpaka wa jimbo unauvuka baada ya Fürstenberg. Wikendi za kiangazi RE5 inajaa sana, Ijumaa mchana na Jumapili jioni wafanyakazi wa treni wanaweza kukuacha kwenye jukwaa na baiskeli yako na wana haki hiyo. Ondoka Jumatatu au Jumanne asubuhi kama likizo inaruhusu. Vueni mabegi ya pembeni kabla treni haijafika, yashikeni mkononi, baiskeli tupu inapanda kwa sekunde tano.

Kulala, kupiga hema porini ni marufuku kabisa ndani ya hifadhi, tumieni kambi. Kama mnataka kitanda tafuta nyumba zenye alama ya Bett+Bike, hiyo ni alama ya chama cha waendesha baiskeli cha ADFC, nyumba ikiwa nayo inatakiwa ikupokee hata kwa usiku mmoja na iwe na mahali pa kufungia baiskeli, kwingine kule Julai na Agosti watakuambia usiku tatu au zaidi. Chakula beba cha siku nzima kila asubuhi kwa sababu kati ya Waren na Wesenberg duka ni la kubahatisha na Jumapili mengi yamefungwa, kitu utakachopata njiani ni samaki wa kuoka kwa moshi kwenye vibanda vya wavuvi, na hapo uwe na pesa taslimu.

Mwisho kuna kupe. Wako kwenye majani marefu kuanzia Machi mpaka Oktoba na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo kila jioni kabla ya kulala mkague mtoto nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, na yeye akukague wewe. Beba kile kikadi cha kutolea kupe, kinauzwa famasi yoyote. Umkute unamtoa hapohapo kwa kumvuta taratibu bila kumminya wala kumpaka mafuta, unapiga picha mahali alipokuwa, na wiki zinazofuata ukiona wekundu unatanuka kama duara unaenda kwa daktari na picha yako. Miezi ya Juni na Julai mbu nao ni wengi karibu na maji jioni, kwa hiyo ukiniuliza ni lini muende, nakwambia nusu ya pili ya Mei, au Septemba kama shule inamruhusu kijana.